Herufi nyeupe za tairi zimegeuka rangi ya chai. Mnazisafisha na nini?

#1 ZedYa72

Wadau, salaam. Gari ni Datsun 240Z ya 1972. Rimu ni za inchi 14, tairi ni BFGoodrich Radial T/A 205/70R14, zile zenye herufi nyeupe ubavuni. Za mbele zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Za nyuma zina umanjano wa mbali, ukisimama mita chache huuoni. Gari halitembei sana, ni Jumapili na harusi za watu, ila nakaa Ruaka upande ambao lami iliishia njiani, na udongo wetu mnaujua ulivyo mwekundu.

Nikisugua kwa brashi na sabuni ya unga, matope yanatoka yote. Umanjano hautikisiki. Nimeshauriwa Jik, petroli, dawa ya meno, msasa, waya wa kusugulia sufuria, na jirani mmoja kaniambia nipake tu rangi nyeupe nimalize kesi. Sasa nataka kuwasikia wenye magari ya zamani: mnafanya nini hasa, na kwa nini? Nia yangu ni kulipeleka Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse. Majaji wa kule wanachungulia hadi chini ya gari, sembuse tairi iliyo usoni pao.

#2 KondaMstaafu

Petroli, buda. Kitambaa na petroli kidogo, dakika mbili iko fiti. Stejini tulikuwa tunafanya hivyo asubuhi kabla ya abiria wa kwanza.

#3 Shangazi_Escort

Na hizo tairi ziko wapi leo, Konda?

#4 KondaMstaafu

Manze shangazi, gari iliuzwa. Mambo ya tairi muulizeni aliyenunua.

#5 Fundi_Kirinyaga

Petroli hapana. Inaingia ndani ya mpira, inauvimbisha, halafu inayeyusha weusi wa jirani na kuupaka juu ya weupe. Inang'aa kwa sababu imelowa. Ikikauka unabaki na herufi za kijivu. Dizeli, mafuta taa na thina ni hadithi ile ile.

Wateja wengi wanaokuja hapa dukani wanaamini zile herufi zimepakwa rangi. Hazijapakwa. Kiwandani wanaweka ukanda wa mpira mweupe ndani ya ubavu wa tairi, wanaufunika kwa ngozi nyembamba ya mpira mweusi, kisha tairi inapikwa kwenye kalibu. Ikitoka, herufi zimesimama lakini bado ni nyeusi. Mashine ndiyo inakwangua ule weusi wa juu mpaka mpira mweupe utokeze. Chukua tairi mpya, iinamishe kwenye mwanga, utaona mikwaruzo midogo midogo ya lile jiwe la kukwangulia juu ya kila herufi.

Kwa hiyo Zed, unachosafisha ni mpira wenyewe, na hauna unene mwingi. Msasa unafanya kazi, sikatai, ila kila ukiupitisha unakula akiba. Na ile mikwaruzo ya kiwandani ndiyo inayoshika udongo wa Ruaka, kwa hiyo brashi lazima iingie ndani, kitambaa hakifiki.

#6 BintiMpira

Fundi amesema kweli. Niongeze la kemia kwa sababu nimewahi kufanya kazi maabara ya mpira pale Industrial Area.

Mpira hauzaliwi mweusi. Tairi za mwanzo mwanzo za magari zilikuwa za rangi ya krimu. Weusi ni masizi ya kaboni, ambayo yalianza kutiwa mwanzoni mwa karne ya 20, yakaonekana yanaufanya mpira udumu zaidi kwa mbali sana. Masizi hayo pia yanameza miale mikali ya jua kabla haijauharibu mpira. Herufi zako hazina masizi. Zimetiwa dioksidi ya titani, unga mweupe ule ule ulio kwenye rangi ya ukuta na kwenye dawa ya meno. Kwa hiyo zimekosa ngao ya jua, nasi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, tena karibu na ikweta.

Sasa chai yako inatoka wapi. Ndani ya mpira mweusi kunatiwa dawa ya kuukinga na ozoni ya hewani, maana ozoni ndiyo inayopasua mbavu za tairi. Dawa inayotumika sana inaitwa 6PPD, na pamoja nayo hutiwa nta. Vyote viwili vimechaguliwa kwa sababu vinasafiri. Vinatoka ndani polepole, vinafika juu, na 6PPD inaungua na ozoni kabla mpira haujaguswa. Ikishaungua inakuwa kahawia. Kwenye weusi unaona ukungu wa kahawia ambao wengi wanadhani ni vumbi. Kwenye weupe unaona chai.

Viwanda vinalijua hilo. Mpira mweupe huchanganywa na aina nyingine za mpira ambazo ozoni haiziwezi, ili usihitaji dawa yenye kuacha doa. Lakini umezungukwa na weusi pande zote, na dawa haina mpaka. Inapenya kutoka chini, na ile iliyokwisha kutokeza kwenye weusi wa jirani inasambazwa juu ya herufi na mvua, na sabuni, na hasa na mafuta ya kung'arisha.

Kando kidogo: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba 6PPD ikishaungua na ozoni inazaa kemikali inayoua samaki aina ya salmoni wa koho katika vijito vya jimbo la Washington. Kumbe vumbi la tairi linaloshuka na mvua lilikuwa linawamaliza miaka yote hiyo. Ni dawa hiyo hiyo ya kwenye tairi zenu, kwa hiyo maji mnayooshea msiyaelekeze kwenye bwawa la samaki.

#7 Shangazi_Escort

Nani ana bwawa la samaki Ruaka? Hata maji ya kuoga yanakuja kwa ratiba.

#8 ZedYa72

BintiMpira, asante sana. Lakini kwa nini za mbele ndizo mbaya zaidi? Zote nne zilifungwa siku moja, na ni za toleo moja.

#9 Fundi_Kirinyaga

240Z ina breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Diski iko wazi, vumbi la breki linamwagika juu ya rimu na tairi. Ngoma inajifungia vumbi lake ndani. Tena breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Vumbi hilo lina chuma ndani yake, likilowa linashika kutu, na udongo wenu mwekundu nao wekundu wake ni oksidi ya chuma. Umepakwa kutu kutoka pande mbili.

#10 MzeeWaBenzi

Kijana, swali moja tu. Dawa ya kung'arisha tairi unapaka?

#11 ZedYa72

Mimi mwenyewe sipaki, mzee wangu. Ila nikilipeleka kuoshwa, wale vijana wanapaka kabla sijafungua mdomo. Wana mtungi wa lita ishirini, wanachovya sponji, wanazungusha tairi nzima.

#12 MzeeWaBenzi

Basi hapo ndipo ulipo ugonjwa. Nimekuwa na Mercedes W123 tangu watoto wangu wako shule ya msingi, na tairi zake zilikuwa na ule mstari mweupe wa mzunguko, kwa hiyo taabu yako naijua. Ile ya mtungini hakuna anayejua ni nini. Mara ni silikoni iliyochanganywa na kitu cha kunukia petroli, mara ni oili chafu iliyochujwa na soksi. Mafuta ya namna hiyo yanalainisha ngozi ya tairi, yanavuta ile kahawia aliyoeleza binti yetu, yanaileta juu, kisha yanaishikilia pale pale juu ya herufi. Vumbi la Nairobi nalo linakuja kulala juu ya mafuta. Wiki moja una lami.

Mimi niliwaambia vijana wa kwetu wazi: bei ni ile ile, ila tairi msiguse. Walinishangaa, mteja anayekataa kung'arishiwa. Sasa wakiniona wanacheka tu wanaweka sponji kando.

Ukitaka weusi upendeze, tafuta dawa ya maji, isiyo na mafuta, na upake kwa brashi ndogo kwenye weusi peke yake, mbali na herufi. Usipulize. Au chukua glisarini, hii hii tunayopaka ngozi, uichanganye na maji. Haidhuru mpira, na ukiichoka inaondoka kwa maji. Ubaya wake ni kwamba inavuta vumbi, kwa hiyo ni ya siku ya maonyesho, si ya kwendea Ruaka.

#13 Shangazi_Escort

Shikamoo mzee. Sasa nieleze ninavyofanya mimi, maana hapa tumejaa nadharia na Zed anataka tairi nyeupe.

Gari langu ni Ford Escort, herufi zangu ni nyeupe mpaka watu wananiuliza kama ni stika. Siri kubwa ambayo hakuna aliyeitaja: anza na WEUSI. Watu wanakimbilia herufi, wanazisugua zing'ae, halafu wanamwaga maji na ule ukahawia wa ubavu mzima unateremka juu ya herufi zilizotoka kusafishwa. Kwa hiyo tairi iwe baridi, gari liwe kivulini, sabuni isikaukie. Lowesha. Mwagia sabuni ya kukata grisi, au ya kuoshea vyombo iliyo nzito, na usugue ubavu mzima kwa brashi ngumu ya plastiki. Povu litatoka la kahawia utadhani umechemsha majani. Suuza, rudia. Unaacha povu likitoka jeupe, si kabla. Tairi ambayo imepakwa mafuta ya mtungini kwa muda mrefu itakutoa jasho hapa, na hapa ndipo kazi yote ilipo, kusema kweli.

Ndipo uingie kwenye herufi. Sabuni ile ile na mswaki wa zamani, uzungushe ndani ya kila herufi na kwenye kingo zake. Zikibaki na umanjano, Vim ya unga yenye maji kidogo, iwe uji mzito, na mswaki tena. Kama bado, zile pedi laini za waya zenye sabuni ndani yake, au ile sponji nyeupe ya melamini ya kufutia ukuta. Sponji hiyo watu wanadhani ni laini, lakini ni msasa mwembamba sana, kwa hiyo usikandamize. Suuza mpaka unga uishe wote, kausha kwa kitambaa.

Kisha, na hili ndilo la maana kuliko yote, OSHA MARA KWA MARA. Mimi nikiosha gari herufi zinapata mswaki na sabuni tu, Vim ni ya mara chache. Anayengoja ziwe chai ndiye anayehitaji msasa.

#14 KondaMstaafu

Sasa shangazi na Jik je? Shati la shule linakuwa jeupe, kwa nini tairi isiwe?

#15 BintiMpira

Itakuwa nyeupe siku hiyo, ndiyo. Jik ni hipokloriti ya sodiamu, inaunguza rangi ya kahawia. Lakini haijui kuchagua. Inaunguza na ngozi ya mpira pia, mpira unakauka, na mpira uliokauka unashika uchafu haraka kuliko mwanzo. Tena matone yake yakiangukia rimu za alumini au nati zilizopakwa kromu yanaacha alama ambayo hutaitoa kwa sabuni. Zed ana rimu za miaka hamsini.

Na tafadhali, yeyote anayesoma: msichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi ili "iwe kali zaidi". Inatoa gesi ya klorini, na wewe umechuchumaa uso ukiwa karibu na ndoo. Wala na kitu chenye amonia. Nimeona watu wakifanya.

#16 KondaMstaafu

Sawa daktari. Nimeacha.

#17 FJ40_Ngong

Nawasoma kimya lakini hapa kwenye msasa mnaogopesha watu bure. Nina Land Cruiser FJ40, tairi 31x10.50R15, herufi nyeupe zenye unene wa kutosha. Gari linapita udongo mweusi wa Kitengela na mwekundu wa huku kwetu. Msasa namba 400 uliolowa maji ya sabuni, umezungushiwa kipande cha mbao ili usugue juu ya herufi tu, mikono miepesi, basi. Herufi inarudi nyeupe ya kiwandani kwa sababu umefika kwenye mpira ambao haujaona jua. Nimefanya hivyo miaka na weupe bado upo.

#18 Fundi_Kirinyaga

Upo kwa sababu tairi zako ni za kazi, herufi zake ni nene na wewe unazimaliza meno kabla hujamaliza herufi. Tairi ya 240Z inayotoka Jumapili itakaa miaka mingi na meno yake yote. Akiipiga msasa kila mwezi atafika kwenye weusi huku tairi ikiwa bado ina meno ya dukani. Niliwahi kuletewa tairi herufi zimekuwa na mabaka meusi katikati, mwenyewe anauliza uchafu gani huu usiotoka. Haukuwa uchafu. Ulikuwa upande wa pili wa mpira mweupe.

#19 FJ40_Ngong

Kila mwezi nani amesema? Mimi ni mara moja kwa mwaka, baada ya mvua za masika. Lakini hoja ya herufi nyembamba naichukua.

#20 Shangazi_Escort

Basi mmekubaliana na hamtaki kusema. Msasa ni wa mwisho, namba 400 au laini zaidi, na maji.

#21 ZedYa72

Ripoti. Jumamosi nimeshughulika na ya mbele kushoto peke yake, ili nilinganishe na ya kulia. Weusi kwanza kama shangazi alivyoagiza. Sikuamini povu lile. Lilitoka kahawia, likatoka kahawia, nikaongeza sabuni, likatoka kahawia. Mtungini kwa wale vijana kulikuwa na kitu, mzee ana haki ya kununa. Lilipoanza kuwa jeupe, herufi zenyewe zilikuwa zimeshapoteza nusu ya chai bila kuguswa. Mswaki na Vim vikamaliza sehemu kubwa ya iliyobaki. Kuna umanjano mdogo kwenye herufi mbili ambao nimeuacha, nitajaribu melamini. Msasa sijaugusa.

Tofauti na ya kulia inaonekana kutoka getini. Askari wetu ameniuliza kama nimenunua tairi moja.

#22 Msanii_wa_Nganya

Mimi napaka tairi za nganya, zile matatu zilizorembwa, kwa hiyo naona niseme la upande wangu kabla jirani ya Zed hajamshawishi tena. Rangi ya ukuta na rangi ya mafuta ya dukani hazikai. Ubavu wa tairi unajikunja kila mzunguko, rangi ngumu haijikunji, inapasuka, na kwenye nyufa unaingia uchafu. Mwezi mmoja inafanana na ukuta wa choo cha stendi. Kuna kalamu za rangi maalum za tairi, hizo zinajikunja kidogo, nazitumia, lakini lazima mpira uwe umeoshwa mpaka hauna hata chembe ya mafuta. Hata hivyo nazo hufifia na unarudia. Kwa matatu ni sawa, tunabadilisha mtindo kila mara. Kuna na herufi za mpira za kubandika kwa gundi, zile za kwenye Subaru za vijana, zinakaa vizuri mpaka siku ya kwanza ya kukwaruza ukingo wa barabara.

Lakini tairi yenye weupe wake wa kuzaliwa? Kuipaka rangi ni kuharibu. Siku ukitaka kurudi nyuma utakwangua rangi pamoja na mpira.

#23 ZedYa72

Jirani amesoma. Anasema bado.

#24 Celica_Buruburu

Samahani nadandia uzi. Nimefungiwa tairi mpya zenye herufi nyeupe jana, lakini si nyeupe, ni bluu! Kuna kitu cha bluu juu yake. Aliyefunga ameniambia ni urembo, niache hivyo. Nimeuziwa nini?

#25 Fundi_Kirinyaga

Haha, urembo. Hujaibiwa, huo ni utando wa kukinga weupe. Tairi zikisafirishwa na kupangwa ghalani, weusi wa moja unaugusa weupe wa nyingine na kuutia doa, kwa hiyo kiwanda kinapaka utando wa bluu, na mwingine huwa wa kijani. Maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini, unatoka wote. Fanya leo au kesho kabla hujatembea nazo sana, maana ukiachiwa jua na vumbi unakauka na kuwa mgumu kutoa. Usitumie petroli (Konda, nakuona) wala waya kwa jambo ambalo maji yanaweza.

Na wote mnaoweka tairi za akiba nyumbani, zikilazwa juu ya nyingine, weupe utazame weupe na weusi utazame weusi. Ni hilo tu.

La pili kwako Celica, kwa kuwa ni mpya za "dukani". Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT, mwishoni mwake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine tarakimu ziko upande mmoja tu, na upande huo ukaangalia ndani, itabidi uingie chini ya gari na tochi. Tairi hizi za magari ya zamani haziuziki haraka, zinaweza kukaa stoo miaka, zikafutwa vumbi na kuuzwa mpya. Utando wa bluu si cheti cha upya.

#26 Celica_Buruburu

Nimetoka chini ya gari sasa hivi. 0824. Nashukuru sana fundi. Bluu inatoka vizuri, nguo yangu ndiyo sasa ya bluu.

#27 BintiMpira

Hiyo ni tairi changa, hongera. Kwa waliopita miaka kadhaa, msiangalie weupe tu. Gari la kuegesha lina shida yake: nta niliyosema inatoka juu vizuri zaidi tairi inapozunguka na kujikunja. Tairi iliyosimama miezi inakauka na kupasuka mbavuni hata kama meno ni ya dukani. Nyufa ndogo kandokando ya herufi, pale mpira mweupe unapokutana na mweusi, ziangalieni kila mnapoosha. Michelin, ambao ndio wenye BFGoodrich tangu 1990, wanashauri tairi ikitimiza miaka mitano ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika kumi itolewe hata kama inapendeza. Gari lako Zed, lizungushe hata kama hakuna harusi.

#28 MzeeWaBenzi

Nina la kuuliza na mimi, msinicheke. Mwanangu amenitafutia seti ya 205/70R14 kwa ajili ya W123, nzuri, changa, bei ya haki. Kumbe zina herufi nyeupe. Benzi ya mzee wa kanisa na herufi nyeupe za vijana wa mashindano, hapana. Fundi, naweza kuzigeuza weupe uangalie ndani?

#29 Shangazi_Escort

Mzee ziache nje! Jumapili tutakuja kuona kwaya nzima imetoka kuzitazama.

#30 ZedYa72

Mzee, umenifundisha kusafisha herufi halafu za kwako unazificha?

#31 MzeeWaBenzi

Za kwangu nitakuwa nazisafisha kwa kutoziona.

#32 Fundi_Kirinyaga

Zinageuzwa, mzee wangu, mradi meno yake hayana upande maalum. Tazama ubavuni: kama kuna mshale wa kuonyesha zinakozungukia, au maandishi ya kuonyesha upande wa nje, usiguse. Kama hakuna, tairi haijali. Weupe ukiwa ndani usiupake chochote, na ubavu mweusi utakaokuwa nje uoshwe kwanza hiyo kahawia kabla ya kufunga. Njoo na rimu za akiba pia tuzipime. Ila njoo kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo Kirinyaga Road hakuna pa kuegesha hata mkokoteni.